Vidonge vya damu: kumkumbusha mjamzito hakutoshi

Mjadala kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito Tanzania una kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema akina mama wanapewa vidonge vya madini ya chuma kliniki lakini hawavimezi, kwa hiyo dawa ni kuwakumbusha na kuwafuatilia: ujumbe wa simu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumbani, mume ashirikishwe. Kambi ya pili inasema akina mama hawana kosa, kosa liko kwenye dirisha la dawa. Mwezi huu vipo, mwezi ujao unaambiwa "vimeisha, kanunue nje". Mimi naona kambi ya pili ina haki zaidi, ingawa ya kwanza nayo haijakosea kwa kiasi kinachosemwa.

Tuanze na hesabu. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito waliopimwa wana upungufu wa damu, yaani hemoglobini, kitu kinachobeba oksijeni kwenye damu, iko chini ya gramu 11 kwa desilita. Wanawake walipoulizwa kuhusu mimba yao ya mwisho, takriban wanne kati ya watano walisema walitumia vidonge vya madini ya chuma. Waliotumia kwa siku 90 au zaidi walikuwa kama mmoja tu kati ya watano. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka kila siku, mimba nzima: miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki.

Kambi ya kwanza ikisoma namba hizo inaona ushahidi umekamilika: vidonge viliwafikia, wakaviacha. Lakini soma namba nyingine za utafiti huohuo. Ni robo tu ya akina mama walioanza kliniki kabla ya mwezi wa nne, na ni nusu tu waliofikisha mahudhurio manne. Sasa chukua kituo kinachotoa vidonge 30 kwa kila hudhurio. Ili mama apate vidonge 90 lazima aende mara tatu, na mara zote tatu avikute. Aliyeenda mara mbili, hata akimeza bila kuruka siku moja, anaishia 60. Kwenye ripoti huyo ataonekana hakufuata maelekezo, wakati alimeza kila alichopewa.

Na hilo la "kanunue nje" lina madhara zaidi ya gharama tu. Duka la dawa mara nyingi lina asidi ya foliki ya miligramu 5, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya kipimo cha kliniki. Kipimo kikubwa hivyo hupunguza nguvu ya SP, dawa ileile anayomezeshwa kliniki kumkinga na malaria. Mama ametii, ametoa hela yake, na amejiharibia kinga nyingine bila yeyote kumwambia.

Hata hivyo hoja ya kukumbusha ina mantiki yake. Anayeumwa kichwa akimeza panado anasikia nafuu ndani ya saa moja, kwa hiyo hahitaji kubembelezwa. Kidonge cha damu hakimpi mtu nafuu ya leo, na huenda anajisikia mzima kabisa. Kumeza kitu kila siku kwa miezi sita bila kuona kinachobadilika ni kazi ngumu kwa binadamu yeyote, awe na elimu au asiwe nayo. Ndiyo maana mwaka 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni ilipoanza, watu wengi waliipokea vizuri: ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001, unapata ujumbe wa bure unaokwenda na umri wa mimba. Hilo lilikuwa jambo jema na bado ni jema. Ila ujumbe wa "usisahau vidonge vyako" ukimkuta mama ambaye vidonge vyake viliisha wiki mbili zilizopita, unamsimanga tu.

Kuna kitu kingine ambacho kambi zote mbili hukipita haraka, nacho kinatokea palepale dirishani. Mama anakabidhiwa kimfuko kidogo cha nailoni, juu yake kumeandikwa kwa kalamu "1 x 1". Basi. Maandishi hayo yanamwambia kidonge kimoja mara moja kwa siku. Hayamwambii kwamba choo kitakuwa cheusi na kwamba weusi huo hauna madhara. Hayamwambii kwamba akimeza asubuhi tumbo likiwa tupu kichefuchefu kitamzidi, na kwamba anaweza kuhamishia usiku baada ya chakula. Hayamwambii kwamba akikishushia na chai ya rangi sehemu kubwa ya madini hayo itapita bure, na ni afadhali aachanishe na chai kwa saa moja au mbili, ikiwezekana ale na chungwa au embe. Wala hayagusi udongo ambao wajawazito wengi huutamani na kuununua sokoni, ambao nao unaweza kuzuia mwili kunyonya madini ya chuma.

Nesi anayejua haya yote yupo. Ana foleni ya watu hamsini mlangoni na daftari la kujaza. Sidhani kama inafaa kumlaumu.

Madhara ya vidonge yenyewe yamekuzwa kupita kiasi kwa upande mmoja, na kudharauliwa kwa upande mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ukikusanya maoni ya wanawake wa nchi nane, Malawi na Burkina Faso zikiwemo, ulikuta ni kama theluthi moja tu waliosema vidonge viliwasumbua, na wengi walisema walipungukiwa na uchovu na kupata hamu ya kula. Kwa hiyo si kweli kwamba kila anayeacha anakimbia kichefuchefu. Lakini theluthi ya wajawazito wa nchi nzima ni watu wengi, na kufunga choo mimba ikiwa na miezi minane si jambo la kuambiwa "vumilia". Ipo pia hofu ya mtoto kuwa mkubwa mno tumboni. Wataalamu huiita imani potofu na kuendelea na kazi. Kwa mama anayeishi mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji, hofu ya kushindwa kujifungua ni hofu yenye akili, na inastahili kujibiwa kwa maelezo ya kutosha.

Wengine wanasema tubadili kidonge chenyewe. WHO inaruhusu kipimo cha mara moja kwa wiki, miligramu 120, kwa wasioweza cha kila siku, lakini ni pale ambapo wajawazito wenye upungufu wa damu hawafiki asilimia 20. Kwetu kiwango kiko mbali mno na hapo. Pendekezo zito zaidi ni kidonge cha vitamini na madini 15 kwa pamoja, kilichoingizwa kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2021. Ushahidi mmoja mzuri ulitoka Dar es Salaam: utafiti wa mwaka 2007 uliohusisha wajawazito zaidi ya 8,000 wasio na virusi vya UKIMWI, wote wakipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, nusu wakiongezewa vitamini nyingine. Watoto waliozaliwa na uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 kwa walioongezewa, na 9.4 kwa wenzao. Ni faida ya kweli, ingawa njiti hawakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kasoro yake kwetu ni kwamba kidonge hicho kwa kawaida kina miligramu 30 za madini ya chuma, na WHO inapendelea 60 mahali ambapo upungufu wa damu umeenea kama hapa. Ila kipimo kidogo husumbua tumbo kidogo, na kidonge kidogo kinachomezwa kinashinda kikubwa kinachobaki kabatini. Ningekiunga mkono.

Ipo pia hofu kwamba madini ya chuma huongeza malaria, iliyokua baada ya utafiti wa Pemba wa mwaka 2006 kuonyesha madhara kwa watoto wadogo waliopewa madini ya chuma. Kwa wajawazito, utafiti wa Dar es Salaam wa mwaka 2015 kwa wanawake 1,500 haukuona malaria ikiongezeka kwenye kondo la nyuma. Hofu hiyo isiwe sababu ya mtu kuacha vidonge, mradi chandarua na SP vinaendelea.

Nirudi kwa mume. Magharibi mwa Kenya, na pia nchini Ethiopia, wajawazito walipendekezewa kuchagua mtu wa nyumbani wa kuwakumbusha, na wengi walilipokea wazo hilo kwa moyo. Neno la msingi hapo ni kuchagua. Zipo nyumba ambazo mume anayekumbusha ni faraja, na zipo nyumba ambazo atahesabu vidonge kama anavyohesabu hela ya matumizi. Mama aulizwe akiwa peke yake anamtaka nani, na akisema hataki mtu, akubaliwe.

Kama halmashauri ina hela ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, ningeanza na kutoa vidonge 90 siku ya kwanza ya kliniki, pamoja na dakika tano za maelezo. Wanaopinga wana hoja moja ambayo lazima ijibiwe: vidonge vingi vya madini ya chuma ndani ya nyumba ni hatari, kwa sababu mtoto mdogo akivimeza kwa wingi anaweza kufa. Kwa hiyo vitolewe kwenye chupa yenye kifuniko kigumu ambacho mtoto hawezi kukifungua, na mama aelezwe pa kuiweka. Kile kimfuko cha nailoni hakifai kwa kazi hiyo.