Sikulia, ilikuwa mvua

Naona voisi ya yule jamaa niliyesafiri naye, eti nililia barabarani, imeshafika hadi grupu la ukoo pamoja na picha, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe kabla shangazi hajapiga simu. Kwanza kabisa SIKULIA. Ilikuwa mvua.

Juzi mjomba kanipa mkonga wake, ile pikapu ya Land Cruiser 79, nipande Nyandira, huko Mgeta milimani Morogoro, kuchukua kabichi. Mnaoijua njia ya Mgeta kipindi cha masika mmeshaanza kucheka, nawaona. Na mdomo wangu mnaujua, tangu Sangasanga huko chini namhadithia jamaa jinsi fowili inavyowekwa, yaani tairi zote nne zivute, eti udereva wa milimani si wa kila mtu.

Kurudi, kabichi zimejaa, kina mama watatu wenye mzigo wako juu yake, tukakutana na kilima kimoja cha udongo mwekundu unateleza kama mlenda. Nikapaza sauti, "Shikeni vizuri kina mama, naweka fowili ya lo!"

Nikakamata kile kijiti kidogo cha fowili pembeni ya gia, nikitafuta lo, ile ya mwendo mdogo nguvu nyingi, gari bado linatembea. KRRRRR. Kama mtu anatafuna kokoto. Nikasimama, nikakanyaga klachi, nikakisogeza kwa adabu kama nabisha hodi kwa mkwe, kikaenda kidogo kikatulia. (Alama za kwenye kirungu zilishafutika zamani, msinianze.) Namba moja, nikaachia klachi taratibu. Injini ikaunguruma vizuri tu. Gari halijatikisika. Nikaongeza moto, wapi. Namba mbili, wapi. Rivasi, wapi. Nasikia mama mmoja huko juu anauliza, "Mbona anapiga kelele tu?"

Nikaona nizime nishuke nikaangalie, nikaacha gia namba moja, nikatoa mguu kwenye breki. Ndugu zangu, mkonga ukaanza kurudi nyuma. Gia iko ndani! Unarudi polepole, kwa heshima zote, kama mgeni anayeaga, kina mama wanapiga yowe, korongo liko kushoto, na handbreki ya mjomba ni pambo. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili hadi jamaa akaruka kuweka jiwe.

Hapo nikatangaza rasmi: giaboksi imekufa. Watu wakashuka, kabichi zikashushwa moja moja kwenye mvua, mimi niko kwenye simu na fundi wa Morogoro namweleza ugonjwa, naye bila huruma ananitajia bei ya giaboksi ya mtumba. Ndipo macho yakaingia maji. Ya mvua.

Mama mmoja akachungulia dirishani, khanga kichwani, akaangalia pale miguuni kwangu weee.

"Baba, hicho kijiti kidogo mbona kiko katikati?"

Katikati, wadau. Nyutro. Giaboksi nzima kabisa, ila nguvu inaishia pale, haiendi tairi la mbele wala la nyuma, ndio maana hata gia haikulishika gari. Kumbe mama kaolewa na dereva wa lori, muda wote huo kanyamaza tu ananisikiliza. "Gari lisimame kabisa, klachi mpaka chini, halafu kipeleke chote, usikionee huruma." Klak. Taa ya fowili ikawaka.

Nikajifanya nilikuwa karibu kugundua, nikaondoka kwa mbwembwe, tairi za nyuma zikamrushia jamaa tope usoni, za mbele zimetulia kama zimealikwa.

Mama yule yule: "Na huko mbele umefunga?"

Habu zote mbili, zile za katikati ya tairi za mbele unazozungusha kwa mkono ili nazo zivute, ziko FREE. Nikapiga magoti kwenye tope nikazungusha ya kushoto kwenda LOCK, nikazunguka na ya kulia, kina mama wamesimama mstari wananitazama kimya kama msibani. Picha mliyoiona ni ya hapo. Sisali, nafunga habu.

Baada ya hapo likapanda namba moja kama halina mzigo, tukapakia upya, kabichi nne zilienda korongoni nimelipa, fundi nimemzimia simu. Mjomba hajui, mwenye namba yake ashindwe na alegee. Na yule mama kasema wiki ijayo hakai tena juu ya mzigo, anakaa mbele.