Namba ya siri ya bosi

Mfadhili wetu wa Ujerumani hatumi barua za hela hivihivi. Barua husimbwa kwanza, na ufunguo wa kuifungua umo ndani ya kadi ya chipu, saizi ileile ya kadi ya benki, ambayo unaichomeka kwenye kisoma kadi cha USB. Ufunguo wenyewe ulizaliwa humohumo kwenye chipu na hautoki: hakuna kuunakili wala kuuhifadhi pembeni. Kadi ikifa, barua zote zilizosimbiwa ufunguo ule zinabaki vurugu tupu mpaka kiama. Nilimweleza bosi haya yote. Akasema, "Safi sana, sasa wezi wamekwisha." Wezi, sawa.

Kadi hizi za OpenPGP, yaani mfumo wa kusimba barua, huja na namba ya siri ya kiwandani, 123456, na nyingine ya msimamizi, 12345678. Ijumaa bosi akaamua kuzibadilisha zote mbili, yeye mwenyewe, kwenye laptopu yake kuukuu. Mimi kazi yangu ilikuwa kubofya vitufe kwa mausi, kisha nikaambiwa, "Geuka ukutani." Nikageuka, nikabaki natazamana na kalenda ya mwaka juzi huku vidole viwili vya mtu mzima vinadonoa kibodi nyuma yangu. Skrini haionyeshi unachoandika, inaonyesha vidoti tu. Vidoti vya kwanza na vya kurudia vikalingana, kadi ikakubali.

Jumatatu barua ikaingia. Bosi kuona tu jina la mfadhili, akainua simu akamwagiza mama ntilie pilau la ofisi nzima, nyama isihesabiwe.

Nikachomeka kadi. Taa ya kijani ikawaka vizuri tu, lakini GnuPG, programu ya kusimbua barua, ikajibu kwamba hakuna kifaa kama hicho. Bosi akamwita fundi simu wa chini, maana kwa bosi fundi ni fundi. Yule bwana akaichomoa kadi, akaipulizia pumzi ya moto kama miwani, akaisugua chipu kwa kifutio cha penseli, akasema, "Hii ilikuwa na kutu." Dhahabu yenye kutu! Akapewa elfu tano yake. Akairudisha kichwa chini miguu juu, na sasa hata taa ikagoma.

Nilipoigeuza nikaendesha pcsc_scan, programu ya kukagua kama kadi inasomeka, na kadi ikajitambulisha bila shida. Kumbe kifaa kizima. Mhasibu alikuwa ameweka programu ya benki mwishoni mwa wiki, nayo ikaja na pcscd, huduma inayosimamia visoma kadi. GnuPG nayo ina msimamizi wake, scdaemon, anayetaka kukishika kisoma kadi moja kwa moja. Basi wamekuwa kama makonda wawili wa daladala, kila mmoja kamshika abiria mkono wake, na abiria haendi popote. Dawa yake ni neno moja, disable-ccid, unaliandika ndani ya scdaemon.conf, faili lake la mipangilio, ili scdaemon apitie kwa mwenzake, kisha unamuua kwa gpgconf ili aamke upya. Kadi ikaonekana. Ofisi ikapiga makofi. Mhasibu alipiga kwa nguvu kuliko wote.

"Bosi, weka namba ya siri."

Nikageuka ukutani bila kuambiwa. Akaandika. Imekataliwa. Akaandika tena kwa kukandamiza zaidi, kana kwamba kadi ni kiziwi. Imekataliwa. Nikasema, "Bosi, subiri kwanza," lakini mtu anayenusa pilau hasubiri. Nafasi tatu zikaisha, kadi ikajifunga. Nikamweleza kwamba namba ya msimamizi inaweza kuifungua, nayo ina nafasi tatu, na hizo zikiisha ndiyo basi: kilichobaki ni kuifuta kadi nzima pamoja na ufunguo wake. Nilipomaliza kueleza alikuwa ameshatumia mbili.

Kaunta ya nafasi zilizobaki ikasoma 0 0 1, ile 1 ya mwisho ikiwa ya msimamizi. Nikachomoa kebo ya kisoma kadi nikaitia mfukoni.

"Bosi, samahani, hebu tuambie ni neno gani."

"Siri haisemwi."

"Bosi."

Akatazama dari. "Mjukuu," akanong'ona. "Na ya msimamizi, mjukuuwangu." Aliinong'ona hivyo kwamba hata muuza maji aliyekuwa mlangoni akasema, "Mungu amkuze."

Herufi ziko sawa, hazina tatizo. Sasa mbona inakataa? Ndipo katibu muhtasi, ambaye asubuhi nzima hakuna aliyemuuliza kitu, akafungua droo akatoa nakala ya barua aliyoandikiwa mwenye nyumba Ijumaa ileile, kwenye laptopu ileile. "Mzee alipiga simu kuuliza hii ni lugha gani," akasema. Mstari wa kwanza ulisomeka: *T4na60ba 04da wa s524.*

Num Lock! Kwenye laptopu zile za zamani ikiwaka, upande wa kulia wa kibodi herufi zinageuka tarakimu: U ni 4, I ni 5, O ni 6, J ni 1, K ni 2, M ni 0. Alhamisi mjukuu huyohuyo alikuwa amepakatwa pale akicheza na vitufe. Jumatatu laptopu ikawashwa upya, Num Lock ikazimika, na bosi akawa anaiandikia kadi jina isilolijua. Kadi ilikuwa inajua 014244.

Tukachukua kalamu tukatafsiri lile la pili, herufi kwa herufi, mhasibu akihakiki: 014244wang4. Nikarudisha kebo. Ofisi nzima ikageuka ukutani, sijui kwa nini, wakati kila mtu alishaijua. Nikaandika kwa kidole kimoja, nikabonyeza.

Ikafunguka. Bosi akaweka namba mpya, ya tarakimu tupu, na barua ikajikunjua kwenye skrini. Akaisoma kwa sauti ya mkutano:

"Hii ni barua ya majaribio. Mkiweza kuisoma, kadi yenu inafanya kazi. Kuhusu fedha tutawaandikia mwezi ujao."

Mama ntilie alikuwa tayari amesimama mlangoni na sufuria mbili, anauliza alipwe na nani. Mhasibu akatoa kitabu cha vocha, akauliza pilau aliandike kwenye fungu gani. Katibu muhtasi akamwambia aandike matengenezo ya kompyuta.