Mwizi Aliyeacha Zaidi ya Alivyokuta

Ukitajiwa wizi kwenye jumba la sanaa, unawaza fremu tupu ukutani. John Drewe hakubandua kitu. Yeye aliingia jumba la sanaa la Tate, London, miaka ya 1990, akaongeza.

Mwenzake, John Myatt, alighushi kazi za wasanii mashuhuri, kina Giacometti na Ben Nicholson, kwa rangi ya kupaka kuta za nyumba, iliyokorogwa na jeli ya kulainishia. Rangi ya ukutani, jamani! Lakini wanunuzi walitaka karatasi: mchoro ulikuwa wa nani, ulionyeshwa wapi, mwaka gani. Basi Drewe akajivika uprofesa, akaichangia Tate pauni 20,000, na mlango wa chumba cha nyaraka ukamfungukia. Humo akachomeka hati za uongo, na kwenye katalogi za maonyesho ya zamani akatia kurasa mpya zenye picha za kazi za Myatt. Mnunuzi akienda kuhakiki, anakuta kila kitu kwenye sanduku la taasisi ya umma. Nani angebisha?

Mwaka 1999 Drewe alihukumiwa kifungo cha miaka 6. Michoro ilikuwa kama 200, na iliyopatikana haikufika nusu. Mimi lakini zinaniuma zile faili. Mchoro bandia ukigundulika unashushwa, basi. Karatasi bandia ikishalala katikati ya za kweli, zote zinazoigusa zinaanza kunuka.

Pengo kwenye nyaraka nalo lina ubaya wake. National Gallery, jumba jingine la sanaa mji huohuo, ilinunua mwaka 1963 mchoro wa Cranach, mchoraji Mjerumani wa zamani: Cupid, mungu mtoto wa mapenzi, kashika sega la asali, nyuki wanamuuma, analalamika kwa mama yake, Venus. Kati ya 1909 na 1945 haikujulikana ulikuwa kwa nani. Baadaye sana ikaonekana picha yake kwenye albamu ya mkusanyiko binafsi wa Hitler.

Wapo wanaosema basi nyaraka zifungiwe. Sikubaliani nao hata kidogo. Drewe hakupitia mlango ulioachwa wazi kwa kila mtu. Alifunguliwa kwa heshima, kwa sababu ya cheo na hela. Mwanafunzi asiye na jina angekaziwa macho saa nzima.

Mkoba upekuliwe wakati wa kuingia kama unavyopekuliwa wakati wa kutoka, hata ukiwa wa mfadhili. Na karatasi zihesabiwe kila msomaji anaporudisha sanduku. Ikizidi moja, kengele ilie vilevile.