Kasi ya kutunga Sudoku inapimwaje?

Programu ya kutunga Sudoku, yale mafumbo ya kujaza tarakimu 1 hadi 9 kwenye jedwali la tisa kwa tisa bila kuzirudia, husifiwa kwa hesabu moja: inatoa mafumbo mangapi kwa sekunde. Mimi hesabu hiyo siiamini sana. Chukua fumbo moja, badilishana tarakimu, hamisha mistari ndani ya kundi lake la mitatu, hamisha na makundi yenyewe, laza jedwali ubavu: utapata sura zaidi ya trilioni moja bila kutunga chochote. Programu ya namna hiyo itashinda kila shindano la kasi.

Wanaoitetea wana hoja, tena nzito. Mchezaji hagundui, akikuta 7 mahali palipokuwa na 2 jana, kwake ni fumbo jipya. Na mtungaji anajua ugumu wake mapema, maana haujabadilika hata chembe.

Kwa anayetunga kikwelikweli, muda mwingi huliwa na kuhakikisha kwamba jibu ni moja tu. Programu huanza na jedwali lililojaa, visanduku 81, ikafuta namba mojamoja. Tuseme imefuta 4 iliyokuwa kwenye kisanduku kimoja. Wengi hapo hulifumbua fumbo lote upya wakihesabu majibu. Njia ya mkato ni kuipiga 4 marufuku kwenye kisanduku hicho, kisha kutafuta jibu lolote lile. Likipatikana, 4 inarudi. Lisipopatikana, imeondoka salama. Iliyorudi haijaribiwi tena, kwa kuwa kufuta namba nyingine hakuwezi kupunguza majibu. Basi majaribio hayazidi 81. Utafutaji nao ukianza na kisanduku chenye chaguo chache zaidi, kazi inapungua mno.

Wastani nao hudanganya. Mafumbo mengi huisha kufumba na kufumbua, kisha moja likakwama na kula muda wa mia. Ndiyo maana napenda kupima muda kwa kila fumbo lililokubaliwa, gharama ya yaliyotupwa ikiwemo, na kulitazama lile lililochelewa kuliko yote.

Anayetaka fumbo moja la asubuhi haya hayamhusu. Yanamhusu anayewinda mafumbo yaliyoachiwa namba 17 tu za kuanzia, idadi ya chini kabisa inayoweza kutoa jibu moja, kama mwanahisabati Gary McGuire na wenzake walivyothibitisha mwaka 2012. Ufutaji wa kubahatisha kwa kawaida hugota kwenye 24 au 25 hivi. Mwindaji hufika haraka zaidi akianzia kwenye fumbo la namba 17 lililokwisha kupatikana, akatoa namba moja au mbili na kupachika nyingine. Ila anachovuna ni ndugu wa ukoo mmoja, na saa ya kupimia kasi haiuoni ukoo.