Plastiki si mbao: kayaki haitobolewi kama mtumbwi

Kayaki ya plastiki, kile chombo kidogo chembamba cha kupiga kasia, ikipelekwa kwa fundi wa mitumbwi, mara nyingi hurudi na tundu ambalo halikupaswa kuwepo. Si kwamba fundi hajui kazi. Mafundi wa mialo ya Mwanza wanajua kwamba ubao ukiloa huvimba, humng'ang'ania msumari, na pamba iliyosindiliwa kwenye maungio hukazwa na uvimbe huo huo. Polithini, plastiki inayoundia kayaki, haifanyi lolote kati ya hayo. Hulainika kwa jua, husinyaa kwa baridi, na ikibanwa na bolti hutambaa taratibu kuukimbia mbano wala hairudi. Maoni yangu ni haya: vifaa vingi vinavyong'oka kwenye kayaki ni vizima kabisa, ila vilifungwa kwa akili ya mbao.

Tazama kishikio cha fimbo ya kuvulia. Utakikuta kimeshikizwa kwa skrubu nne za mbao zilizozama kwenye ukuta wenye unene wa milimita chache tu. Sasa piga hesabu. Kishikio kina kimo cha sentimita 30, safu mbili za skrubu zimeachana sentimita 6, na sangara anavuta kwenye ncha yake ya juu kwa nguvu ya kilo 10. Safu iliyo mbali na samaki inang'olewa kwa nguvu ya karibu kilo 50. Fimbo yenyewe nayo ni wenzo, huzidisha mvuto huo. Meno mawili matatu ya skrubu ndani ya plastiki laini hayana pa kushikia, na yakishachomoka tundu huwa pana kuliko skrubu yoyote utakayoirudishia.

Kinachofaa ni bolti ya milimita 6 inayopita mpaka upande wa pili, na ndani iwekewe kibao cha kuegemea. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kilichokatwa kwenye kibao cha plastiki cha kukatia mboga kinatosha kabisa, au bati la aluminiamu la milimita 3 lililopigwa tupa kwenye kona zake. Tundu liwe la milimita 6.5, si 6 kamili, kwa sababu plastiki hutanuka na kusinyaa kuliko chuma, na bolti iliyobana tundu huanzisha ufa. Toboa kwa mwendo wa polepole, kwa ncha kali. Ukikimbiza drili, plastiki huyeyuka na kuacha ukingo wenye mikwaruzo, na ufa huanzia hapo. Kwangua ukingo kwa wembe mpaka uwe laini.

Kati ya kifaa na bodi weka raba iliyokatwa kwenye tyubu ya gari. Ndiyo itakayozuia maji, si silikoni. Silikoni haishiki polithini. Hukauka vizuri, hupendeza, kisha hubanduka utepe mzima. Kaza kwa spana ya mkono mpaka uone raba inaanza kutokeza pembeni, uishie hapo. Tumia nati yenye pete ya nailoni na washa pana. Baada ya wiki moja rudia kukagua, maana plastiki itakuwa imeshalegea kidogo.

Pale mkono usipofika ndani, watu hukimbilia ripiti za kawaida za mabati. Hizo huvimba kidogo tu nyuma, na mvuto mmoja huzipitisha. Tafuta zile ambazo mkia wake hupasuka na kujikunja miguu mitatu, au nati iliyovikwa raba ambayo hujitanua ndani unapoikaza. Zote mbili zinafaa kushikilia kamba na vipini vya kuning'inizia vitu. Kwa kishikio cha fimbo sizikubali.

Kuhusu bolti za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, usiuziwe hofu. Maji ya Ziwa Viktoria si ya chumvi. Daraja la 304 linatosha, na 316 ni ya watu wa Pwani. Tia grisi kwenye meno kabla ya kufunga, kwa sababu nati ya stenlesi ikikimbizwa kwa drili juu ya bolti ya stenlesi hugandana nayo, na dawa hapo ni msumeno.

Nanga ndiyo sehemu ninayoipigia kelele zaidi. Usiifunge ubavuni hata siku moja, kwani upepo wa mchana ukichachamaa kamba itauvuta ubavu chini na wimbi litaingia. Weka kapi moja omo (mbele) na jingine tezi (nyuma), pitisha kamba ya milimita 5 au 6 iwe kitanzi chenye pete katikati, kisha kamba ya nanga ipite kwenye pete hiyo. Hapo unaisogeza mpaka mwisho wa kayaki bila kuinuka. Kisu cha kukatia kamba kiwe pale mkono unapokifikia, na kifungwe kwa uzi wake.

Kisha kuna mawe yetu. Kutoka Kapripointi mpaka Bwiru, hapa Mwanza, chini kumejaa miamba, na nanga ya makucha hunasa. Funga kamba kwenye kitako cha nanga, upande wa makucha, halafu ilaze kando ya mpini na uishikize kwenye tundu la juu kwa uzi mwembamba. Kwa kawaida itavuta kama nanga yoyote. Ikinasa, vuta kwa nguvu, uzi utakatika na nanga itatoka kinyumenyume.

Mawe hayo hayo huila kayaki inayoburutwa, hasa chini ya tezi. Ibebeni watu wawili. Ihifadhiwe kivulini, imelazwa ubavu au kifudifudi. Ukishuku uvujaji, mimina lita 10 za maji ndani, iinamishe kila upande na utazame kila bolti kwa nje. Palipo na tone ndipo pa kufungua.

Jambo la mwisho ni ndani ya bodi. Chupa 20 tupu za maji za lita moja na nusu, zikiwa na vifuniko vilivyokazwa, huelea na uzito wa karibu kilo 30 hata bodi ikijaa maji. Zitie kwenye kipande cha wavu na uzifunge nusu omo, nusu tezi. Zikiachwa huru hukimbilia upande mmoja kayaki inapolala, na kuigeuza huwa kazi maradufu.