Kichwa cha Treni Kina Askari, Mama Muuza Kuku Hana

Kwenye stesheni zetu mtu anayeongea peke yake hasumbuliwi. Anayesumbuliwa ni yule anayepiga picha treni asiyosafiri nayo. Abiria anayejipiga dirishani anaeleweka. Bibi harusi aliyeletwa relini na shela lake, anakanyaga mataruma kwa viatu virefu, naye anaeleweka. Lakini mtu mzima asiye na tiketi wala mteja, aliyekaa juu ya jiwe saa mbili nzima akisubiri treni ya mizigo itokeze kwenye kona, aipige picha nne, kisha arudi zake nyumbani? Huyo ama katumwa, ama hana kazi ya kufanya.

Mimi ni mmoja wa hao, kwa hiyo msomaji ajue mapema ninakoegemea. Nitajaribu hata hivyo kumtendea haki askari wa stesheni, maana ndiye ninayebishana naye mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote nje ya nyumba yangu.

Stesheni ya mabishano ya mwisho sitaitaja. Ni ya reli ya zamani, ile ya geji ya mita moja, yaani upana kati ya chuma na chuma, na nilikuwa mwisho kabisa wa jukwaa, chini ya mwembe. Afande alikuja taratibu, bila ukali.

"Kaka, kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini, afande?"

"Cha kupiga picha mali ya serikali."

Hatua tatu kutoka tuliposimama, kijana mmoja alikuwa mubashara kwenye simu, anawaonyesha wafuasi wake kichwa cha treni, namba yake, mabehewa, na kwa wakati ule hata sisi wawili tukibishana. Nikamwonyesha afande kwa kidole.

"Yule ana simu," akanijibu. "Wewe una mashine."

Sentensi ile nimeigeuza kichwani mara nyingi, kwa sababu ndani yake kuna sheria nzima kama inavyotekelezwa, mbali na ilivyoandikwa. Simu ya kijana ilikuwa mpya na ina lenzi tatu; kamera yangu ni ya mtumba, imepita mikono miwili kabla yangu. Picha yake ilikuwa imeshawafikia mamia ya watu kabla yangu haijatoka kwenye kamera. Kinachokatazwa, basi, si picha. Ni nia, na lenzi ndefu inasomeka kama nia mbaya.

Hofu yenyewe haikuokotwa barabarani. Mwaka 2000, mbele ya mahakama ya New York, Ali Mohamed, mtu wa al-Qaeda, alikiri kwamba miaka ya 1990 aliupeleleza ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, akapiga picha, akachora michoro na kuandika ripoti, na kwamba kiongozi wake, Osama bin Laden, aliitazama picha akaonyesha mahali ambapo lori la kujilipua lingeweza kuingilia. Lori lilikuja tarehe 7 Agosti 1998. Nairobi peke yake walikufa zaidi ya watu 200, na Dar es Salaam 11. Anayesema "picha tu ina ubaya gani" mbele ya mtu aliyekuwa mjini siku ile, aseme kwa adabu. Halafu kuna jambo dogo zaidi lakini la kila wiki: reli mpya ya Tanzania, SGR, inakwenda kwa umeme, na umeme unapita kwenye nyaya ambazo wezi wa shaba wanazijua bei yake kwa kilo. Mtu anayezitazama nyaya hizo kwa makini kupita kiasi hawezi kuchekewa na kila mtu.

Tena afande ana hesabu yake. Akiniacha nipige picha na baadaye kitu kikatokea, ataulizwa alikuwa wapi. Akinifukuza, nani atamuuliza? Ningekuwa mimi nimevaa ile sare, kwa mshahara ule, huenda ningenifukuza pia.

Tatizo langu liko kwenye kinacholindwa. Chumba cha kuongozea treni kipigwe marufuku, sawa. Vituo vya kupozea umeme, sawa, na hata mimi sivitaki, havina sura. Lakini kichwa cha treni kinachopita mchana kweupe katikati ya vijiji, kikipiga honi ili kila mtu akione, kina siri gani? Uingereza ililipuliwa treni zake tatu za chini ya ardhi na basi moja tarehe 7 Julai 2005, wakafa watu 52. Sababu ya kufunga kamera walikuwa nayo. Kweli, polisi wao waliwasumbua wapiga picha miaka kadhaa. Lakini Network Rail, wanaomiliki reli za huko, wana mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya watu wa aina yangu: karibu stesheni, jitambulishe kwa wafanyakazi, simama nyuma ya mstari wa njano, usitumie flashi maana inamsumbua dereva. Ni kurasa chache tu, na mabishano chini ya mwembe yanakosa cha kubishaniwa.

Kwa upande wetu wa wapiga picha pia kuna wajinga. Februari 2016, ile injini ya mvuke Flying Scotsman iliporudi njiani kutoka London kwenda York, watu wenye kamera waliingia relini kuifuata hadi ikasimamishwa, na treni nyingine zikachelewa nyuma yake. Anayekanyaga kokoto za reli kutafuta picha nzuri asijitetee kwa jina la sanaa. Aondolewe.

Sasa niseme kwa nini hobi hii si upuuzi, na nitatumia namba moja ambayo hainiachi nilale vizuri: 34.

Ndiyo idadi ya vichwa vya mvuke vya aina iliyoitwa daraja la 59, ambavyo kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kililitengenezea shirika la reli la Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950. Kila kimoja kilizidi tani 250. Duniani hapakuwa na kikubwa kuliko hivyo kwenye reli ya geji ya mita. Viliitwa majina ya milima yetu, na kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Kufikia 1980 vilikuwa vimestaafishwa vyote. Leo viwili vipo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. (Gelai iko karibu na Ziwa Natron na Shengena iko Upare. Shirika la pamoja lilipovunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, milima miwili ya Tanzania ilibaki Kenya, na sijasikia mtu akiidai.)

Thelathini na nne, toa mbili. Vile 32 havipo popote isipokuwa kwenye picha. Na hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu picha zenyewe nimezitazama nyingi. Za kiwandani ni safi: mashine imesimama ubavu, haina vumbi, haina mtu. Zenye moshi, zenye nyika ya Taru nyuma yake, zenye mtu ameegemea dirishani na kitambaa shingoni, karibu zote nilizoziona zilipigwa na watu waliokuwa wakifuata treni kwa mapenzi yao tu, wengi wao wageni. Wangefukuzwa wote, tungebaki na zile za kiwandani.

Lakini soma kilichoandikwa chini ya picha hizo. Namba ya injini ipo. Jina la mlima lipo. Tarehe, mahali, pengine hata namba ya treni. Yule wa dirishani hana jina. Injini zile zilichoma mafuta mazito badala ya makaa, kwa hiyo mchocheaji wa moto hakuwa na koleo. Kazi yake ilikuwa kukaa na vali, macho kwenye vipimo vya mvuke, joto la tanuru likimpiga usoni hadi Nairobi. Mtu huyo alikuwa na mke, alikuwa na deni dukani, alikuwa na jina. Aliyepiga picha hakuuliza, au aliuliza hakuandika. Nisiwacheke sana wageni: mimi mwenyewe nilipofungua picha zangu za miaka mitano kuzipanga, nilikuta nimefanya vilevile. Namba za vichwa vya treni zote ninazo.

Ndiyo maana siku hizi nageuza kamera. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa SGR, mabehewa yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, na madirisha hayafunguki. Ni raha, sikatai. Kwa mwendo wa saa nne hivi umefika, wakati ile ya zamani inakula usiku mzima. Lakini dirisha lisilofunguka limekata biashara iliyoishi kwa kufunguka kwake. Kwenye reli ya mita moja bado ipo. Treni ikisimama Saranda, stesheni ya mkoani Singida, beseni zinapanda juu hewani kabla mabehewa hayajatulia: kuku wa kukaanga, mayai, karanga, mkono mmoja unashuka na noti na mwingine unapanda na chenji. Kisha honi, watu wanakimbia sambamba na treni kumalizia hesabu. Biashara hii haijawekwa kwenye jumba lolote la makumbusho, na sidhani kama kuna anayepanga kuiweka.

Na hapa ndipo upande wangu unapoanza kunitia aibu, kwa sababu sasa ninayempiga picha si chuma.

Mtu wa picha za maisha ya kila siku atakuambia ukiomba kwanza umeiua picha. Ni kweli. Mwombe mama muuza kuku ruhusa, ataliweka beseni chini, atavuta kanga, atasimama wima kama anayepigwa ya kitambulisho. Utakuwa umempata mama aliyeombwa. Yule aliyekuwa akihesabu chenji kwa kidole gumba huku akikimbia hutampata tena. Wengi wetu tunapiga kwanza, halafu, tukiwa waungwana, tunaomba baadaye. Wasio waungwana wanapanda treni.

"Ukauze Ulaya?" ndilo jibu nililolisikia mara nyingi zaidi, na tunapenda kulicheka kana kwamba ni ushamba. Mimi sioni ushamba ndani yake. Anauliza nani anapata nini, swali ambalo kwenye mambo ya kuku analiuliza kutwa nzima. Sheria nayo imeanza kumsikiliza. Septemba 2023 nchini Kenya, ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Hizo zililenga wafanyabiashara zaidi kuliko mtu wa kamera ya mtumba. Lakini sura ya mtu haibadiliki kwa sababu aliyeichukua hakulipwa.

Kwa hiyo tumeupanga ulinzi wetu kinyume. Kichwa cha treni cha tani nyingi, kisichoona haya, kisicho na wakwe, kina askari na bunduki. Mama mwenye beseni hana hata mtu wa kumwambia kwamba anaweza kukataa. Sijawahi kuulizwa kibali cha kumpiga picha mtu. Ningeandika mimi kibao cha stesheni, ningeandika hivi: treni piga, flashi zima, usivuke mstari, vyumba vya mitambo acha, watu uliza, hata kama ni baada ya kupiga, na ukiambiwa futa, ufute mbele yake.

Saranda nilipiga kwanza. Kisha nikamfuata mama, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hii futa, baba," akasema. "Kanga yenyewe hii."

Nikafuta. Nilikuwa naipenda picha ile, na bado naikumbuka ilivyokaa. Nikamwuliza kama naweza kupiga nyingine. Akafikiri, akaangalia treni ambayo ilikuwa imeanza kupumua.

"Mikono piga. Sura niachie."

Nikapiga mikono: vidole vimemeta mafuta, noti ya elfu mbili imekunjwa mara tatu, ukingo wa dirisha na rangi yake iliyobanduka. Nikamwuliza jina niliandike pamoja na picha. Akacheka, akasema jina nalo nimwachie, akaenda behewa la pili.

Nimeichapa. Nyuma yake nimeandika tarehe, Saranda, na namba ya kichwa cha treni.