Makao ya wazee yanapokataa mgonjwa, yasikilizwe kwanza

Kila majira ya baridi lawama hurudi palepale. Hospitali za England zinajaa wagonjwa ambao madaktari wameshasema wanaweza kuondoka, lakini hawaondoki. Majira ya baridi ya 2022 na 2023 walifika zaidi ya 13,000 kwa siku moja. Kidole huelekezwa upande wa pili, yaani makao ya wazee, walezi wanaozunguka majumbani, na halmashauri zinazolipia huduma hiyo. Inasemekana wanachelewa, wanachagua wagonjwa na wanaficha nafasi.

Hoja ya hospitali si ya kupuuza. Kitanda kisipoachwa wazi wodini, mgonjwa aliyelazwa kwenye machela mapokezi hana pa kupelekwa, na magari ya wagonjwa yanapanga foleni nje yakiwa na watu ndani. Mzee mwenyewe naye anaumia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwalaza kitandani siku kumi watu wazima wenye afya njema, wengi wao wa miaka sitini na kitu, nao wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Bibi wa miaka 85 aliyeingia akitembea kwa mkongojo anaweza kutoka akiwa hasimami kabisa. Anayedai watu wasikae hospitali bila sababu ana haki ya kudai.

Ila tuitazame Ijumaa jioni kwa macho ya anayempokea. Mlezi wa zamu ya usiku, na katika kazi hii Wakenya, Watanzania na Waganda hawakosi, anafungua mlango saa tatu usiku. Mzee analetwa na gauni la hospitali na mfuko wa plastiki. Karatasi inasema anatembea kwa msaada wa mtu mmoja, lakini kumtoa kwenye kiti cha magurudumu kunahitaji watu wawili na mashine ya kunyanyulia. Ana ugonjwa wa Parkinson, ambao dawa yake hufuata saa: ikichelewa mwili unakakamaa, hata kumeza kunakuwa shida. Vidonge havimo mfukoni. Daktari wa mtaa ameshafunga hadi Jumatatu, na bila maagizo ya maandishi mlezi hana ruhusa ya kumpa dawa hiyo. Makao yakiogopa usiku wa namna hii na kusema "mleteni kesho asubuhi, baada ya mtu wetu kuja kumwona", hospitalini huandikwa kwamba yamechelewesha. Na sheria iko upande wao, kwa kuwa haiwaruhusu kumpokea mtu ambaye hawawezi kumhudumia kwa usalama.

Ipo takwimu moja ambayo wanaolaumu huiruka. Hadi Februari 2020, NHS yenyewe, yaani huduma ya afya ya umma inayoendesha hospitali hizo, ilikuwa ikiandika kila siku ya ucheleweshaji ilisababishwa na nani. Zaidi ya nusu ya siku hizo ziliangukia upande wa NHS: kusubiri tathmini, kusubiri kitanda katika hospitali ndogo ya kurudisha nguvu, kusubiri huduma nyingine ya NHS hiyohiyo. Upande wa malezi, yaani huduma za wazee nje ya hospitali, ulibeba takriban theluthi moja. Kweli, ndani ya fungu la NHS zilikuwamo pia siku ambazo familia ilikuwa bado inachagua makao, na hilo si kosa la daktari. Lakini hata ukiziondoa, picha ya hospitali inayofanya kazi yake huku makao yakilala haisimami. Korona ilipoingia, hesabu ile ikasitishwa. Tangu hapo tunajua wangapi wamekwama, ila hatuna tena mgawanyo ule wa lawama, na pengo hilo limejazwa na dhana. Mwenye sauti kubwa serikalini ni hospitali, si makao yenye vyumba ishirini.

Halafu kuna 2020 yenyewe. Kati ya 17 Machi na 15 Aprili takriban watu 25,000 walitolewa hospitali kwenda makao ya wazee, wengi bila kupimwa. Idadi hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya kipindi kilekile mwaka uliotangulia, na haki itendeke kwa kulisema hilo. Lakini Aprili 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sera ile ilikiuka sheria, kwa sababu hatari ya mtu asiye na dalili kuwaambukiza wazee haikuzingatiwa. Msimamizi wa makao aliyewazika wakazi wake msimu ule akiambiwa "mwamini daktari, mpokee leo", anayo sababu ya kuuliza maswali.

Fedha tu hazitoshi, ingawa zinahitajika. Mwaka 2022 serikali ilitenga pauni milioni 500 za kuharakisha wagonjwa kuruhusiwa kutoka hospitali, huku nafasi za kazi zilizo wazi katika malezi zikizidi 150,000. Viza za walezi kutoka nje ya nchi zikafunguliwa Februari mwaka huohuo, kisha Julai 2025 mlango wa kuajiri kutoka nje ukafungwa. Huwezi kununua kitanda kisicho na mtu wa kukihudumia.

Jambo lililonishawishi zaidi ni utaratibu uliojaribiwa Lincolnshire, jimbo la mashariki mwa England, ambako anayemtathmini mgonjwa wodini huajiriwa na chama cha makao yenyewe. Msimamizi anaisadiki ripoti yake kwa kuwa mtathmini huyo anawajibika kwake, na yeye mwenyewe anaepuka safari ya kwenda hospitali kumwona mgonjwa. Hospitali inapata haraka inayoitaka, nayo makao yanapata karatasi isiyodanganya. Ningeongeza sharti moja: kila hospitali ihesabu, pamoja na vitanda ilivyoachilia, wangapi kati ya waliotoka walifika na dawa zao zote, na wangapi walirudishwa ndani ya siku thelathini, kisha itangaze hesabu hizo makao kwa makao, wodi kwa wodi.